Kisanduku Kilichoniuliza Kuhusu Cucu

Walio wa rika langu mtakumbuka harufu iliyotolewa na skrini za kompyuta za zamani zilipopata joto. Ilikuwa harufu ya vumbi linaloungua polepole, kama pasi ya makaa iliyosahauliwa juu ya blanketi. Nilidhani imenitoka kabisa. Mwezi uliopita, siku ya nne baada ya kumzika Baba, niliingia kwenye stoo alimokuwa akiweka mbolea na mbegu za viazi, nikaondoa leso iliyofunika kompyuta yake, nikaiwasha. Sikutarajia iwake. Ilinguruma, ikakohoa, skrini ikageuka kijivu, halafu ile harufu ikanijia puani nikajikuta nimeketi juu ya gunia la mbolea nalia. Mume wangu alisimama mlangoni, akadhani namlilia Baba, nami nikamwacha adhani hivyo. Nimekuwa hodari wa kuwaacha watu wadhani wanavyotaka tangu nikiwa na miaka tisa.

Naitwa Peris Nyaguthii Wachira. Mama yake Baba, niliyemwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikikuyu, naye aliitwa Peris Nyaguthii Wachira. Kwetu Nyeri hilo si jambo la kushangaza mtu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, wavulana vivyo hivyo kwa upande wa mababu, na zamu ikiisha huko huhamia kwa wajomba na mashangazi, mpaka unakuta boma zima limejaa watu waliokwisha kuishi mara moja. Mimi nilipewa mpaka jina la ubatizo la Cucu, kwa sababu Baba alimpenda mama yake kupita kiasi na hakutaka nipate nusu ya jina. Wachira alikuwa babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Cucu alilibeba jina hilo kama mkewe, na Baba, mwana wao, alilifanya kuwa la familia. Ukituandika kwenye karatasi, mimi na Cucu hatukutofautiana hata herufi moja.

Baba hakuniita kwa jina. Aliniita Maitu, ambalo kwa Kikikuyu ni mama yangu. Wanawake wazee waliokuja kumtembelea Cucu walinisalimu kwa kunishika mkono kwa mikono miwili, wakiniuliza ng'ombe wangu wanaendeleaje, halafu wakicheka mpaka wakashika mbavu. Nilipenda sana mzaha huo. Nisioupenda ulikuwa wa Tata Wambui, dada mkubwa wa Baba, ambaye hakujua kunyamaza.

"Wewe ukizaliwa," aliniambia siku moja tukimenya viazi, "sisi tuliambia Cucu sasa aanze kufunga mizigo. Mwenye jina amefika."

Watu wote jikoni walicheka, Cucu akacheka kuwashinda, nami nikacheka pia. Lakini maneno yale yaliniingia yakakaa. Nilianza kuamini kwamba jina moja lina nafasi moja duniani, na kwamba mimi na Cucu tulikuwa tumebanana kwenye nafasi hiyo kama watu wawili chini ya blanketi fupi. Cucu akikohoa, nilijishika kifua. Mimi nikipata homa, nilimwuliza Mama kama Cucu amelala vizuri. Hakuna aliyejua nilichokuwa nikifikiri, na sikuona haja ya kumweleza mtu, maana nilidhani kila mtu anajua.

Cucu aliishi upande wa Tetu, kwenye mteremko wa majani chai, na sisi tuliishi mjini, nyumba ya vyumba viwili. Likizo zote nilizimalizia kwake. Alikuwa mwembamba, mkali kwa ng'ombe na mpole kwa watoto, na alikuwa na hadithi moja ambayo hakuchoka kuisimulia. Miaka mingi nyuma alidungwa sindano kwenye zahanati ndogo iliyokuwa karibu naye, dawa nyeupe nzito kama maziwa, na kabla hajafika kwenye geti midomo yake ilivimba, pumzi ikakata, akaanguka.

"Hiyo sindano ya maziwa iliniua," alikuwa akisema. "Niliona babu yako amesimama hapo, ananiita. Nikamwambia, wacha kwanza, niko na ng'ombe ya kukama."

Tangu siku hiyo kadi yake ya zahanati ilikuwa na maandishi ya wino mwekundu. Mimi nami nilidungwa sindano hiyo hiyo kwenye zahanati hiyo hiyo, likizo ya Aprili, kwa ajili ya koo, na hakuna kilichonipata isipokuwa kuchechemea siku mbili. Nilifunguliwa kadi yangu mwenyewe. Nakumbuka nikitembea kurudi kwa Cucu nikiwa nimeishikilia, nikiwaza mbona kilichomwua yeye hakikunigusa mimi.

Baba alikuwa mwalimu kwenye chuo cha kompyuta mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Ukisema chuo, msifikirie makubwa. Vilikuwa vyumba viwili, mashine saba, na ubao wenye ufa. Alikuwa amejifundisha kuandika programu kwa kutumia kitabu kilichokosa jalada, kwenye mtambo wa kuandikia programu ambao hata wakati huo ulikuwa umepitwa. Vijana waliotoka Nairobi walimcheka. Walimwambia kuna toleo jipya, na baada ya hilo kuna jingine. Baba alijibu kwamba jembe la zamani bado linalima, akaendelea na kazi yake.

Mwaka huo wageni fulani waliipa ile zahanati kompyuta moja. Nesi mkubwa akamwomba Baba aitengenezee programu ya kuweka wagonjwa wote, ili nesi asiwe anapekua masanduku ya kadi huku mtu anakufa kwenye benchi. Sijawahi kumwona Baba akiwa na furaha ya namna ile. Alitembea mjini akiongea peke yake. Kadi zililetwa chuoni ndani ya katoni za sabuni, na Agosti, shule zilipofungwa na wanafunzi wake wakaenda makwao, alinichukua nikamsaidie. Mnajua baridi ya Nyeri mwezi huo, ukungu unaokaa mpaka saa tano na vidole vinavyokataa kufunga kifungo. Kwenye kile chumba mashine zilitoa joto, na mimi nilikuwa na Baba peke yangu. Sikuwahi kuwa na furaha kuliko wiki zile mbili.

Alinifundisha visanduku. Kila programu yake ilipotaka kumwambia mtu jambo, ilitoa kisanduku katikati ya skrini chenye maneno na vitufe, na kisanduku hicho kikitokea kila kitu kingine kiligoma. Hungeweza kuandika, hungeweza kurudi nyuma, mpaka ujibu. Maneno ya ndani aliyaandika Baba mwenyewe, kwa Kiswahili, na alijivunia hilo. Vitufe lakini vilikuja na ule mtambo na havikubadilika, vikabaki Yes na No na OK vya Kizungu.

"Kisanduku ni hesabu tu," aliniambia. "Ukitaka Yes na No, unaweka nne. Ukitaka hiyo alama ya kuuliza, unaweka thelathini na mbili. Jumla?"

"Thelathini na sita."

"Haya. Sasa angalia. Yes ndio imeshikwa kwanza. Mtu akigonga Enter bila kufikiria, ni Yes. Ukitaka No ndio ishikwe kwanza, unaongeza mia mbili hamsini na sita."

"Sasa mbona hujaongeza?"

"Hiyo ni ya watu hawako makini," alisema akicheka. "Hapa niko mimi."

Kisanduku kilichotokea mara nyingi kuliko vingine kilikuwa cha majina. Watu wa Tetu walikuwa wakipoteza kadi na kufunguliwa nyingine, kwa hivyo programu ilipoona jina limeandikwa mara ya pili iliuliza kama ile rekodi ya kwanza iondolewe. Kwingineko pengine hilo lingetokea mara moja kwa wiki. Kwetu lilitokea kila baada ya dakika chache, kwa sababu kila mjukuu alikuwa na babu au nyanya yake ndani ya katoni ile ile. Baba aliziweka zile kadi mbili kando kwa kando, akaangalia miaka, akacheka. "Huyu ni cucu, huyu ni mjukuu. No." Akiona ni mtu mmoja aliyepoteza kadi, alibonyeza Yes. Mimi niliruhusiwa kuandika majina kwa vidole viwili, lakini kisanduku kilikuwa chake peke yake.

"Ukiona kisanduku, mikono kwa magoti," aliniambia. "Ningoje. Hata kama ni mpaka jioni."

Siku moja alishuka kununua mkate. Nilikuwa nimefika kwenye kadi ya Cucu. Niliiandika kwa uangalifu kuliko kadi zote, nikanakili yale maneno ya wino mwekundu herufi moja moja kwenye nafasi ya tahadhari, kwamba asidungwe penisilini. Niliihifadhi. Nikachukua kadi iliyofuata, na ilikuwa yangu. Niliona haya kidogo, kama mtu anayejikuta kwenye kioo cha duka. Niliandika jina langu, nikagonga Enter, na kisanduku kikatokea.

PERIS NYAGUTHII WACHIRA ameshaandikwa. Aondolewe wa kwanza?

Niliweka mikono magotini. Nilingoja. Baba, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekutana na mwalimu mwenzake kwenye ngazi. Nilisikia redio ya duka la vitambaa chini yangu na nikasoma yale maneno tena, na tena. Nilikuwa nimeona visanduku kama hivyo mara mia, na mara zote vilikuwa vya watu wengine. Hiki kilikuwa chetu. Wa kwanza alikuwa Cucu. Wa pili nilikuwa mimi. Kompyuta ilikuwa imegundua kile nilichokijua siku zote, kwamba tuko wawili kwenye nafasi ya mtu mmoja, na sasa ilitaka jibu. Nikisema No, kwamba wa kwanza asiondolewe, niliona wazi ni nani atakayebaki wa kuondolewa.

Nilimpenda Cucu. Nataka hilo lieleweke. Nilimpenda kuliko Mama siku nyingine. Lakini niliogopa, nikakumbuka maneno ya Tata Wambui kwamba Cucu alishaambiwa afunge mizigo, na nikajiambia kwamba yeye amekwisha kuishi. Niliinua mkono kutoka gotini nikagonga Enter.

Kisanduku cha pili kikatokea. Ameondolewa. Hicho kilikuwa na kitufe kimoja tu, OK, na hakikuuliza chochote. Nilikibonyeza, nikamaliza kadi yangu, nikachukua ya mtu mwingine.

Baba aliporudi alivunja mkate akanipa kipande cha katikati, kile laini.

"Hakuna kisanduku?"

"Kilikuwa kimoja."

"Ukafanya nini?"

"Nikabonyeza No."

"Si nilikuambia ungoje?" Lakini hakuwa amekasirika. "Kilikuwa cha nani?"

"Chetu. Mimi na Cucu."

Alicheka mpaka akapaliwa na mkate. "Maitu! Sasa mko ndani nyote wawili," alisema, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama wale wanawake wazee walivyonishika mkono. Hakuangalia. Kama angebonyeza vitufe viwili angeona rekodi moja, lakini binti yake alikuwa amemwambia, na hilo lilimtosha.

Programu ilipelekwa zahanati Septemba. Kila mwisho wa mwezi ilichapisha orodha ndefu, jina upande mmoja, namba ya kadi katikati, tahadhari upande mwingine, na nesi aliiweka juu ya meza yake. Kadi za zamani zilitiwa ndani ya magunia zikawekwa nyuma. Mimi nilirudi shule, na kila Jumapili nilimwuliza Baba kama Cucu yuko mzima. Alikuwa mzima. Polepole nilianza kufikiri kwamba pengine kompyuta ilikuwa imenisamehe.

Mvua za Novemba zilipoanza, Cucu alishikwa na homa ya mapafu. Jirani mwenye pikapu ya kubeba maziwa alimpeleka zahanati asubuhi, na inasemekana kufika huko alikuwa anaita watu waliokufa zamani na hakujua yuko wapi. Hakuweza kumwambia mtu habari za sindano ya maziwa. Nesi wa zamu alikuwa mgeni kidogo, msichana mwenye roho nzuri. Alimtafuta kwenye orodha kama alivyofundishwa, akalipata jina, akapitisha kidole mpaka upande wa tahadhari. Hapakuwa na neno. Akamdunga.

Nilielezwa kwamba Cucu ameenda kupumzika. Hakuna aliyenieleza namna, lakini mazishi ya kwetu yana masikio mengi, na mtoto anayebeba sahani haonekani na mtu. Nilimsikia yule nesi kwenye ua wa miti akimwambia Baba, huku analia mpaka kwikwi, "Mwalimu, niliangalia. Kwa jina la Mungu niliangalia." Nilimwona akitoa ile orodha kwenye mkoba na kuifungua juu ya kifua chake ili mvua isiiloweshe. Baba aliisoma mara nyingi. Namba ya kadi iliyokuwa pale katikati ilikuwa yangu.

Tata Wambui hakumngoja Baba atoke makaburini.

"Kadi ilikuwa na wino mwekundu," alimwambia mbele ya watu. "Hata mimi sijasoma sana ningeona hiyo nyekundu. Sasa ati kompyuta. Umeua mama na kompyuta."

Mama alijaribu kumvuta Baba pembeni lakini yeye alibaki amesimama kwenye matope, na mimi nikasimama karibu naye na sahani zangu. Sikushangaa kwamba Cucu amekufa. Nilishangaa tu kwamba ilichukua miezi mitatu, na nikaamua ni kwa sababu kompyuta ilikuwa mjini, Cucu alikuwa Tetu, na barabara ya huko ilikuwa mbaya.

Siku chache baadaye, nyumbani, Baba alinikuta nyuma ya nyumba nikianua nguo. Alichuchumaa ili macho yetu yalingane. Hakuwa amenyoa ndevu.

"Maitu, ile siku ya mkate. Ulibonyeza nini?"

Nilikuwa na nguo yake mkononi, shati la bluu. Nilijua kwamba nikisema Yes atajua kwamba nilimchagua Cucu afe ili mimi nibaki. Sikuwaza kuhusu orodha, wala tahadhari, wala namba ya kadi. Niliwaza hilo tu, kwamba mtu huyu alimpenda mama yake kupita kiasi, na kwamba mimi nimemwondoa nikachukua mahali pake.

"No."

"Enter hukugusa? Hata kidogo? Siwezi kukasirika."

"Sikugusa. Nilienda kwa No nikabonyeza."

Aliitikia kwa kichwa, na uso wake ukawa mzito zaidi badala ya kuwa mwepesi. "Basi kosa iko ndani," alisema. Alisimama, akanisaidia kuanua nguo zilizobaki.

Kama ningekuwa nimekufa siku ile, Baba angelia akapona. Nilibaki mzima, naye hakupona. Alikwenda zahanati akawasaidia kurudisha kadi zote kwenye masanduku, kwa mkono, moja baada ya nyingine. Aliacha kufundisha. Alisema hawezi kusimama mbele ya watoto wa watu na kuwafundisha kitu kinachogeuza No kuwa Yes bila yeye kujua ni kwa nini. Tulihamia kwa Cucu, akalima kabichi na viazi, na chuo kilipoleta mashine mpya aliomba ile ya zamani akaiweka stoo pamoja na mbolea. Kila jioni baada ya kukama aliingia humo. Aliandika jina la mama yake, akaliandika tena, kisanduku kikatokea, akabonyeza No, akaangalia. Wote wawili walikuwepo. Akaanza upya.

"Nimejaribu mara mia mbili, Maitu," alinieleza siku moja nikimpelekea chai. "Kila mara No inakuwa No." Alisema hivyo kwa masikitiko, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa na hali mwili unamwuma.

Mama alichoka. "Unatafuta nini hapo? Mama yako alikuwa mzee. Alikuwa na mapafu mbaya," alimwambia. Vijana wa kijiji waliosoma chuo kikuu walipita wakachungulia, wakamwambia, mzee, hiyo kitu iliisha zamani, siku hizi hakuna mtu anatumia. Alijibu kwa adabu kwamba anajua. Hakuwa akitaka kuitumia.

Nilipofika kidato cha tatu nilielewa. Hakuna siku moja niliyopigwa na mwanga, ilikuja tu kidogo kidogo, mpaka nikajua kwamba kompyuta haikuwa na uwezo wa kumwondoa mtu duniani. Ilimwondolea tu wino wake mwekundu. Mtoto wa miaka tisa aliyegonga Enter kwa hofu ningeweza kumsamehe, na nadhani Baba angemsamehe kabla hajamaliza kueleza. Lakini neno lililomla Baba lilikuwa lile jingine, na hilo nililisema mara mbili, macho makavu, nikijua ni uongo. Kila mwaka uliopita ulifanya kulirudisha kuwe kugumu zaidi. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikapata binti, tukampa jina la mama wa mume wangu, na bado Baba alikuwa stoo.

Nilijaribu mara moja. Ilikuwa mwaka jana, figo zake zilikuwa zimeanza kumchosha, na tulikuwa tumeketi kwenye jua tukichagua mbegu za viazi.

"Baba, ile siku ya mkate..."

Aliinua mkono wenye udongo. "Wacha, Maitu. Nilishakuuliza, ukanijibu. Hiyo yako iliisha. Ile bado ni yangu."

Ningeweza kuendelea. Ilihitaji maneno mawili tu. Badala yake niliinamisha kichwa nikaendelea kuchagua mbegu, nikajiambia kwamba ni yeye aliyekataa.

Nilipomaliza kulia juu ya lile gunia nilifungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya meza ya kompyuta. Ndani yake kulikuwa na programu yote, imechapishwa kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu kandokando, zimekunjwa na kushikana kwa unyevu. Baba alikuwa ameipitia kwa kalamu mstari kwa mstari. Kila mstari alioukagua na kuukuta hauna kosa aliuwekea tiki ndogo pembeni, na zilikuwa tiki za wino wa kila rangi, za miaka mingi, nyingine mkono ukiwa imara na nyingine ukiwa umeanza kutetemeka. Nilipindua kurasa mpaka nikaufikia mstari wa kisanduku chetu. Aondolewe wa kwanza? Mwishoni mwake ilikuwepo ile namba yake, thelathini na sita, nayo alikuwa ameizungushia duara. Kando ya duara aliandika 256, na alama ya kuuliza. Alikuwa amefika. Alikuwa amesimama juu kabisa ya jambo lenyewe. Halafu alikuwa ameikata ile 256 kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake, kwa mwandiko wake wa mwalimu, aliandika: Nyaguthii alisema alibonyeza No.

Pembeni ya maneno hayo alikuwa ameweka tiki.